Nilitoa maboksi, daftari nikabaki nalo

Mama alipofariki nilibaki na maboksi 14, kabati lake la nguo, mfuko wa funguo ambazo mpaka leo sijui zinafungua nini, na ugomvi na mdogo wangu. Vitu viliingia kwenye chumba walichokua wanasomea watoto, watoto wakahamia sebuleni, na ugomvi ukaingia ndani yangu mimi. Ilinichukua miaka mitatu na nusu kuelewa kwamba hivyo viwili ni mzigo mmoja. Nasimulia kwa sababu njiani nimekosea sana, na makosa mengine hayakunigharimu vitu tu, yamenigharimu watu.

Ugomvi wenyewe kwa kifupi. Mama alipokua anaumwa mimi ndo nilikua nalipa, dawa, vipimo, usafiri, na mdogo wangu alisema atanirudishia nusu mambo yake yakikaa sawa, hayakukaa sawa au labda yalikaa akanyamaza, sijui. Baada ya mazishi tulipokaa kuangalia vitu vya mama nikagundua saa yake ya mkononi anayo yeye, ameichukua bila kuuliza mtu. Nikasema maneno. Siyaandiki hapa. Tangu siku hiyo tukaacha kupigiana simu.

Hapo ndo nikaanzisha daftari. Mwanzoni lilikua la hesabu kweli, risiti na tarehe na kiasi, alafu taratibu pembeni ya tarehe nikaanza kuandika na vitu alivyosema, na siku ambazo alitakiwa kuja hospitali hakuja, hizo niliziandika kwa kalamu nyekundu. Wote tunaijua 1 Wakorintho 13, upendo hauhesabu mabaya, mimi nilikua nayo hesabu ya mabaya imepigiwa mistari kabisa na rula. Na kila Jumapili nilikua kanisani, tena naimba.

Siku moja mahubiri yalikua Waebrania 12:1, "na tuweke kando kila mzigo mzito". Nililia ibada nzima. Nikarudi nyumbani na moto huo huo nikasema leo chumba kile kinaisha. Jumamosi iliyofuata nilibeba, nikapakia, nikagawa, jioni chumba ni sakafu tupu, nikapiga picha nikaituma kwenye kikundi chetu cha maombi na maneno "Mungu ameniweka huru". Watu wakajibu amina nyingi sana.

Sasa ngoja niseme ukweli wa ile Jumamosi. Boksi moja lilikua la mume wangu, vifaa vyake vya kazi, vilikua vimechanganyika humo nami sikuuliza. Mbili zilikua na daftari za shule za watoto ambazo mkubwa alikua bado anazitumia. Na kulikua na bahasha yenye karatasi za mama, za mali zake, ambazo baadae tulizihitaji tukazitafuta kwa siku 9, nikarudi mpaka kwa mama niliyempa lile boksi kumuomba, aibu niliyoipata sijui niielezeje. Vifaa vya mume wangu havikupatikana, ilibidi anunue upya kidogo kidogo, na hakuniambia kitu, kile kimya chake ndo kiliniuma zaidi.

Nilikua nimejipa moyo kwa habari ya Antoni wa Misri, yule wa karne ya 3, aliyesikia kanisani neno la Yesu kwa kijana tajiri, uza ulivyo navyo uwape maskini, akatoka akagawa ardhi ya wazazi wake. Nilichosahau ni kwamba yule kijana alikua na dada mdogo wa kumlea, na kabla hajaenda jangwani alihakikisha kwanza dada yake ana mahali na watu waaminifu wa kumtunza. Mimi nilikua natoa sadaka kwa mali ya watu wengine alafu nasikia mwili mwepesi. Kwa hiyo kama unaishi na watu, uliza kwanza, kila boksi, hata kama unajua jibu. Cha kwako toa cha kwako.

Kosa jingine nalisema haraka kwa sababu linanitia aibu. Nilitoa takataka. Viatu vilivyoachia soli, redio isiyowaka, shuka zimetoboka, nikaviita baraka. Kuna mahali kwenye Malaki 1:8 Mungu anawauliza makuhani wanaomletea mnyama kipofu na kilema, kwamba hebu kampelekee mtawala wako hicho uone kama atakipokea. Nilikuja kuisoma baadae nikakumbuka ile redio. Siku hizi kipimo changu ni kirahisi tu, kama nisingempa rafiki yangu kwa mkono wangu nikimtazama usoni, hicho siyo cha kutoa, ni cha kutupa, na nakitupa mwenyewe, simpi mtu mwingine kazi ya kunitupia.

Kama ningerudia ningefanya hivi. Ningeanza na droo moja, siyo chumba. Karatasi zote ningezitenga mahali pamoja nisizitoe wala kuzichana mpaka zipite miezi sita, maana baada ya msiba huwezi jua kitatakiwa nini. Ningetafuta mtu wa kukaa na mimi, asiwe na haraka, na asiwe ndugu anayesubiri kitu humo ndani. Vile vitu ambavyo havina kazi ila vinakuliza, kama barua au kitambaa kina harufu yake bado, ningepiga picha kwanza, alafu ningeacha vichache kabisa bila kujisikia nimetenda dhambi, kwa sababu kuachilia mama siyo kufuta kwamba alikuwepo. Na kila kitu ningempa mtu ninayemjua anakihitaji, mtu mwenye jina, siyo "maskini" kwa ujumla. Koti la mama lilienda kwa mama mmoja anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kazini, hilo ndo tendo pekee la siku ile ambalo sijawahi kulijutia. Na ile picha nisingeituma. Mathayo 6 imeongea vizuri tu, ukitoa sadaka mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba ukishatoa vitu unaweza usisikie nafuu. Wiki mbili chumba kilikua cheupe na mimi usingizi hakuna. Naamka saa nane usiku moyo unaenda mbio, nafikiria yale yale. Nikaanza kununua vitu vya kujaza chumba, eti kapeti, eti meza nzuri ya maombi, yaani nilikua nakijaza tena kwa jina la Bwana. Mume wangu ndo aliniambia nenda kapimwe, nikaenda, presha ilikua juu, nikapewa dawa nikazinywa. Nasema hili kwa sababu wapo watakaokwambia ukiombewa uache dawa maana umeshautua mzigo. Usiache dawa. Hizo unazungumza na daktari.

Katika kipindi hicho nilikua nasoma Yona, nilikua nimeisoma toka utotoni lakini sikuwahi kuona mstari wa 5 wa sura ya kwanza. Dhoruba imekuja, mabaharia wakatupa shehena baharini ili kupunguza uzito wa merikebu, na dhoruba haikutulia hata kidogo, kwa sababu Yona mwenyewe, aliyekua anamkimbia Mungu, alikua chini huko ndani amelala usingizi. Walitupa mizigo sahihi kwa tatizo lisilo sahihi. Nikafunga Biblia. Nilijua kuna kitu kimelala chini, ila nikajiambia ni mdogo wangu.

Kuna mama mmoja mzee kanisani, siyo kiongozi wa kitu chochote, anakaa benchi la nyuma. Nilimfuata kwa sababu moja tu, sijawahi kusikia siri ya mtu ikitoka kwake. Nikamwaga yote ya mdogo wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Mwanangu, unamdai kiasi gani?" Nikamtajia. Jumla, alafu nikamtajia na mchanganuo, mwezi kwa mwezi, daftari liko nyumbani. Akacheka kidogo akasema, "Umeikariri kuliko Zaburi." Mimi sikucheka.

Niliporudi nilienda kwenye Luka 12, ile ya tajiri aliyebomoa maghala ajenge makubwa zaidi. Siku zote nilikua naihesabu ni habari ya matajiri, hainihusu. Kumbe haianzii hapo, inaanza na mtu kwenye umati anamwambia Yesu, mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu. Yesu akakataa kuwa hakimu wao akasema jilindeni na choyo. Yule mtu inawezekana kabisa alikua na haki yake. Mimi pia nilikua na haki yangu, risiti ninazo. Na ndo ghala lenyewe hilo, nilikua nimelijenga kwa risiti.

Nikaamua kusamehe, na hapa nikafanya kosa ambalo naona wengi tunalifanya. Nilimwandikia mdogo wangu meseji ndefu sana ya kumsamehe. "Nimekusamehe kwa kutolipa, nimekusamehe kwa kutokuja tarehe fulani, nimekusamehe kwa saa ya mama," yaani nilikua nanakili daftari moja kwa moja, mashtaka 11 yamevalishwa nguo za msamaha. Akajibu baada ya siku mbili, "Sawa dada." Basi. Miezi mitano hakuna neno tena. Nami nikaona si unaona, nimefanya sehemu yangu, na usiku moyo unaenda mbio vile vile.

Nikaanza kuomba 1 Petro 5:7 kila asubuhi, mkimtwika yeye fadhaa zenu zote. Neno kumtwika nililifikiria sana. Ukibeba mzigo mzito kweli kichwani huwezi kuutua mwenyewe salama, unainama, mtu anashika upande wa pili, mnashusha pamoja. Yaani lazima uiname, na lazima mtu akuone unavyohema. Na ukisoma mstari wa 6 utaona sentensi haijaisha, inasema nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu, alafu ndo "huku mkimtwika". Mimi nilikua nataka kumtwika Mungu nikiwa nimesimama wima. Nilikua nampelekea dhambi za mdogo wangu kila asubuhi kama mshitaki anavyopeleka faili. (Na kutua na kutulia ni neno moja kwa asili, sijui kwa nini nilichelewa kuliona hilo.)

Ni Isaya 46 ndo ilinivunja. Miungu ya Babeli, Beli na Nebo, inapakiwa juu ya wanyama waliochoka, inawalemea, haiwezi hata kujiokoa. Alafu Mungu anawaambia watu wake kwamba yeye ndiye aliyewabeba toka tumboni na atawabeba mpaka wakati wa mvi. Nikajiuliza mimi nabeba nini ambacho hakinibebi. Nikalichukua daftari nikalisoma lote toka mwanzo, taratibu, siyo kwa kutafuta kosa. Nikafika kwenye wiki ya mwisho ya mama.

Hiyo wiki kuna siku moja haina maandishi.

Usiku ule nilikua nimetoka hospitali saa tatu, nimechoka vibaya, sijalala vizuri kama siku kumi, nikazima simu. Sikuisahau, niliizima. Asubuhi nilipoiwasha nikakuta mdogo wangu amenipigia mara nne. Mama alikua ameshaondoka saa tisa usiku, na aliyekua amekaa naye alikua yeye. Yule ambaye siku alizokosa niliziandika kwa rangi nyekundu ndo alikuwepo ile siku moja. Na mimi nililijua hilo kwa miaka yote mitatu na sikuliandika popote, wala sikumwambia mtu, mume wangu alidhani simu iliisha chaji kwa sababu ndivyo nilivyomwambia.

Nilirudi kwa yule mama mzee. Kumwambia deni la mdogo wangu ilikua dakika ishirini za kuongea bila kupumua, kumwambia hili ilikua sentensi moja na sikuweza kuimaliza. Nilitegemea atanipa mstari. Hakunipa mstari. Alinishika mkono tukakaa, kwa muda mrefu, alafu akaomba sala fupi sana, nakumbuka alimwita mama yangu kwa jina ndani yake. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi na kuombeana, mimi nilikua nimeungama kwa Mungu mara mia kwa ujumla ujumla, "nisamehe makosa yangu yote", na kwa ujumla ule sikuwahi kulitaja lile moja. Ushauri wangu hapa, litaje. Kwa mtu mmoja, mtu anayeweza kufunga mdomo, siyo kwenye kikundi. Hata kama ni mchungaji, angalia kwanza anazungumziaje siri za wengine mbele yako, ndivyo ataizungumzia ya kwako.

Baadae pia aliniuliza swali ambalo lilinisaidia kutenganisha. Kuzima simu kwa sababu mwili umeishiwa, hiyo ni dhambi au ni uchovu? Na kumdanganya mume? Na kumsema mdogo wako kwa ndugu wote miaka mitatu ukijua alikuwepo? La kwanza lilikua huzuni, nilikua nalipigia magoti kama dhambi wakati halikuhitaji msamaha, lilihitaji kulia. Mawili ya mwisho ndo yalikua dhambi kweli, na hayo sikuwahi kuyapigia magoti.

Kuna vitu viwili kwenye Wagalatia 6 vinaonekana kama vinapingana, mstari wa 2 unasema mchukuliane mizigo, wa 5 unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Mimi nimeishia kuelewa hivi, kuomba radhi ni furushi langu, hakuna wa kunibebea. Huzuni ya mama ni mzigo, hiyo nahitaji watu. Ukichanganya utajikuta unamwomba Mungu aondoe aibu ya kuomba radhi wakati anasubiri tu uende. Na wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndo maana miaka yote niliona cha mdogo wangu chepesi, yaani ana nini yeye cha kumlemea?

Nilianza na mume wangu. Alafu nikampigia mdogo wangu, siyo meseji, nikamwambia nataka kuja na sina la kudai. Nilimwambia ya simu. Akanyamaza, akasema, "Nilijua ilikua imezimwa dada, haikua inaita kabisa." Alijua toka siku ile na hakuwahi kuniambia, hata siku niliyomtolea maneno mbele ya watu. Saa ya mama aliivua yeye mwenyewe mkononi mwa mama usiku ule kabla hawajaja kumchukua, akaitia mfukoni kwa sababu hakujua aiweke wapi. Tulilia wote wawili, na sitaki kupamba, hatukutoka pale marafiki wakubwa. Tulitoka tunaweza kupigiana simu.

Kuhusu hela, maana najua mtauliza. Kusamehe na kufuta deni ni vitu viwili, usikubali mtu akuchanganyie. Sisi wawili tulikaa na mume wangu na mke wa mdogo wangu, nusu nikaifuta kabisa kwa hiari yangu, nusu tukakubaliana atalipa taratibu. Amelipa mara mbili alafu amesimama. Siku zingine naskia ile hasira inapanda tena, Petro aliuliza ni mara ngapi akaambiwa saba mara sabini, nilidhani ni makosa 490 tofauti, kumbe kosa moja tu linaweza kumaliza idadi yote hiyo peke yake. Na kama aliyekukosea ni mtu anayekupiga au anayekudhulumu mpaka sasa, kumsamehe siyo kurudi kukaa naye, kuna watu wanasukumwa kwenye hatari na mistari mizuri. Pia mtu akikuhubiria uachilie mali alafu mali yenyewe inaelekea kwake, wewe ondoka hapo, Zakayo yule mtoza ushuru alitoa nusu kwa maskini na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, Yesu hakuondoka na kitu.

Boksi moja bado lipo juu ya kabati na ule mfuko wa funguo nao sijautupa. Usingizi umerudi, siyo kila siku. Watoto wamerudi kwenye chumba chao. Kurasa zilizoandikwa za daftari nilizichana na mdogo wangu akiwepo, zilikua 23, na zilizobaki safi zilikua nyingi kuliko nilivyofikiri, mtoto wangu wa mwisho amelichukua, anafanyia hesabu za kugawanya.